Shomoro Asiyekuwa Shomoro

Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, katika mwaka wangu wa kwanza wa kuishi Columbus, Ohio, nilisimama kando ya mto Olentangy nikimsikiliza ndege mdogo wa kahawia aliyekuwa akiimba juu ya kichaka. Bila kusita nilimwambia jirani yangu, bibi mstaafu aliyenialika matembezini, kwamba huyo ni shomoro, kwani nimekua nao Mombasa wakidonoa punje za mchele barazani kwetu.

Bibi hakunibishia. Alivua darubini shingoni mwake, akanipa, akaniambia nimtazame ndege kifuani. Niliona michirizi minene ya kahawia ikiteremka kutoka kooni na kukutana katikati ya kifua, ikafanya doa mithili ya tone la kahawa lililoangukia kanzu. Shomoro wa Mombasa, ambaye ni wa aina ileile iliyoletwa New York kutoka Uingereza katika miaka ya 1850 na sasa imejaa miji ya Marekani, hana michirizi hiyo: dume ana koo jeusi, na jike kifua kitupu.

Doa peke yake halitoshi, alisema bibi, maana yuko mwenzake wa mbugani ambaye pengine huwa nalo pia, ila yule mara nyingi ana umanjano juu ya jicho na mkia mfupi wenye pengo nchani. Mkia wa huyu wetu ulikuwa mrefu, wa mviringo, na aliporuka kwenda kichaka cha pili aliupandisha na kuushusha kama mtu anayejaza baiskeli upepo.

Kwenye sauti ndipo nilipopotea kabisa. Alianza kwa milio mitatu inayofanana, ukafuata mtetemo wa kukwaruza. Akaurudia wimbo huo mara nyingi, kisha ghafla ukaja mwingine. Nikaanza kumtafuta ndege wa pili, nikazama topeni hadi vifundoni, bibi akinitazama kwa utulivu ambao mpaka leo naamini ulikuwa na uchokozi ndani yake. Hakukuwa na wa pili. Dume mmoja wa Melospiza melodia, ndilo jina la kisayansi la ndege huyu wetu, ana nyimbo kadhaa, naye huurudia mmoja mpaka atosheke, ndipo ageukie mwingine.

Niliporudi nyumbani, Mombasa ikikaribia magharibi, nilimpigia mama simu nikamsimulia.

"Sasa mwanangu, kama si shomoro, ni nani?"

Nilimjibu kwamba hata Waingereza na Wamarekani humwita shomoro, shomoro mwimbaji, ingawa ukoo wake ni mwingine kabisa.

"Basi," akasema mama, "ulikuwa ushapatia tangu mwanzo."