Huyo mbwa hana manyoya mengi, ni mnene

Hamna mtu anayeleta mbwa kliniki kwa sababu mbwa ni mnene. Analetwa kwa sababu anachechemea, au anahema muda wote na wala hajaenda popote, au siku hizi hapandi tena kwenye gari mpaka abebwe na kilo 40 si mchezo. Unene unakuja umejificha nyuma ya hizo shida, na ukiutaja mwenye mbwa anakuangalia utafikiri umemtukania mtoto. Mimi hapo kliniki (Dar hapa hapa) ni msaidizi, nashika mbwa, nampandisha kwenye mzani, naandika kilo kwenye faili, kwa hiyo hilo neno mara nyingi nalisema mimi kabla dokta hajaingia na jibu nalijua kabla halijatoka. "Aah mdogo wangu, huyo ana manyoya tu." Mbwa mwenyewe Boxer, manyoya hayafiki hata nusu kidole.

Sasa ngoja niwape kitu cha kufanya leo leo. Kunja ngumi, pitisha vidole vya mkono mwingine juu ya vifundo, ukikuta mbavu za mbwa wako ziko hivyo basi amekonda. Kunjua mkono, pitisha vidole mgongoni mwa kiganja, unaisikia mifupa ipo, ina nyama kidogo juu yake, hapo ndo panapotakiwa. Geuza upapase kiganja chenyewe, mpaka ubonyeze ndo uguse mfupa, basi huyo amezidi hata kama unamuona mzuri. Madaktari wana skeli yao ya namba 1 mpaka 9 iliyotungwa na Dottie Laflamme wa Marekani miaka ya 90, 4 na 5 ndo sawa, kila namba inayopanda juu ya 5 ni kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito uliozidi, yaani mbwa wa 7 anatembea na robo nzima ya mzigo usio wake. Ila kama hupendi namba, hiyo ya mkono inatosha kabisa.

Kuna utafiti mmoja nauhubiri kila siku mpaka wenzangu kazini wanacheka. Mwaka 1987 kampuni ya Purina, hao hao wanaouza chakula cha mbwa, walichukua watoto 48 wa Labrador, wakawapanga wawili wawili, ndugu wa tumbo moja, jinsia moja, uzito unaokaribiana. Kuanzia wiki ya nane mmoja anakula chake, mwenzake anapewa robo pungufu ya alichokula huyo wa kwanza. Chakula kile kile, kibanda cha aina ile ile, tofauti ni hiyo robo tu, basi. Wakakaa nao hivyo maisha yao yote mpaka wa mwisho akafa, matokeo yakatoka 2002. Waliopunjwa robo, nusu yao walivuka miaka 13. Wale wengine nusu yao walikuwa wameshaondoka kwenye miaka 11.2. Karibu miaka miwili hiyo, na kwa maisha ya mbwa miaka miwili si kidogo bana. Magonjwa yaliyowaua hayakupishana sana pande zote mbili, ila kwa wembamba yalichelewa kuja. Viungo ndo usiseme, wale walioshiba wengi walianza kuhitaji dawa za viungo kama miaka 10 hivi, wembamba miaka 13.

Na hapa ndo watu wengi wanapokosea wakiusikia huu utafiti, wanadhani hao walioshiba walikuwa mapipa. Hapana. Ukubwani wastani wao kwenye ile skeli ulikuwa 6.7, wembamba walikuwa 4.6. Hiyo 6.7 ndo mbwa tunayemuita "amenawiri", ndo yule mgeni akiingia getini anasema eeh huyu anatunzwa. Yaani mbwa anayesifiwa na kila mtu ndo huyo wa kufa mapema. Halafu fikiria aliyeyasema haya ni muuza chakula, ni sawa na muuza soda akwambie punguza soda, mimi huwa nampa heshima yake kwa hilo.

Utasema hao ni Labrador wa kufugwa kwenye vibanda vya watafiti, wangu ni tofauti. Haya, 2019 wakatoka watu wa chuo kikuu cha Liverpool na kituo cha utafiti wa wanyama cha Waltham wakiwa wamepekua mafaili ya zaidi ya mbwa 50,000 wa kliniki za Marekani, mbwa wa majumbani kabisa, aina 12. Aina zote 12, waliozidi uzito waliishi muda mfupi kuliko wenzao. Yorkshire Terrier wale wadogo wa kubebwa kwapani walipoteza kama miaka miwili na nusu, German Shepherd dume kama miezi mitano. Nikiwasomea hiyo wenye Shepherd wanafurahi eti miezi mitano tu, haya furahi, lakini nyonga za Shepherd unazijua wewe mwenyewe, hata bila mafuta zinasumbua.

Mafuta si mzigo tu wa kubebwa na magoti. Yanatoa kemikali zake mwilini, zinaufanya mwili uwe kama una uvimbe mdogo wa muda wote usioonekana, zinavuruga insulini, zinachokonoa viungo ambavyo tayari vimechoka. Na kwa sisi wa pwani kuna hili la joto. Mbwa hatoki jasho la maana, anajipoza kwa kuhema, sasa mvalishe koti la mafuta, mweke Dar mwezi wa pili saa nane mchana umeme umekatika, akiwa na pua fupi kama Pug ndo kabisa. Hao tunaletewa ulimi umeshabadilika rangi na dokta anamwaga maji kwanza, faili baadaye.

Sasa kwa nini wananenepa? Jibu rahisi ni mwenye mbwa anaendekeza, na kweli mara nyingi ni hivyo, lakini kwa Labrador kuna kesi nyingine na naona tuwatendee haki. Eleanor Raffan wa Cambridge na wenzake walitoa 2016 kwamba kama Labrador mmoja kati ya wanne ana kasoro kwenye jeni inayoitwa POMC, herufi 14 zimekatika, na ule ujumbe wa kuuambia ubongo "tuna akiba ya kutosha" hautengenezwi sawasawa. Kila nakala ya hiyo kasoro inaongeza kama kilo mbili. Kilichonichekesha ni mbwa wanaofundishwa kuongoza vipofu na kusaidia walemavu, kwao waliokuwa nayo ni robo tatu! Mbwa mwenye njaa anafundishika, ukishika biskuti anakusikiliza, kwa hiyo huenda binadamu miaka yote amekuwa akichagua wenye njaa bila kujua anachagua nini.

Halafu 2024 wakarudi na jaribio ambalo ningelipa nione. Wakawapa Labrador kopo la chakula kila baada ya dakika 20 mpaka mwenyewe akatae. Wenye kasoro na wasio nayo wakala karibu sawa, wote walikula vibaya mno. Kisha siku nyingine wamekula kifungua kinywa, wakawekewa soseji ndani ya boksi la plastiki linaloonekana ndani, lina matundu ya kutoa harufu, ila halifunguki. Hapo ndo tofauti ikaonekana, wenye kasoro waling'ang'ana na lile boksi zaidi sana. Kwa hiyo kushiba wanashiba kama wengine, ila njaa inawarudia haraka kati ya mlo na mlo. Na juu ya hilo, wakipumzika miili yao inaunguza nguvu pungufu kwa kama asilimia 25. Anasikia njaa zaidi na anahitaji kidogo zaidi, mtihani gani huo. Kwa hiyo yale macho ya Labrador wako chini ya meza si uigizaji, kweli ana njaa, ila njaa yake haimaanishi anahitaji chakula. Kumuelewa ni kitu kimoja na kumpa ni kingine.

Watu wanauliza kuna dawa? Iliwahi kuwepo, Slentrol, Marekani waliipitisha 2007, ya mbwa peke yake, na ilibidi waonye binadamu wasije wakainywa wao. Ilifunga hamu ya kula, ukiacha hamu inarudi na kilo zinarudi. Sokoni haipo tena.

Paka nao wana kesi yao, hasa wa ndani ya apatimenti aliyehasiwa. Ukishamhasi mahitaji yake ya nguvu yanashuka wakati hamu inapanda, bakuli limejaa kutwa nzima, hana pa kwenda. Paka mnene anakaribisha kisukari, ingawa wengi wakigunduliwa mapema wakapungua na kupewa chakula chenye wanga kidogo wanaweza kuacha sindano kabisa. Lakini naomba sana, USIMFUNGISHE PAKA. Mbwa akikosa mlo mmoja hana neno, paka mnene asipokula siku kadhaa mafuta yanakimbilia kwenye ini yanalijaza na anaweza kufa. Paka anapunguzwa polepole, kama asilimia moja ya uzito wake kwa wiki, mbwa unaweza kufika hata mbili. Na usimbadilishie aishi kwa ugali na maziwa eti diet, paka ni wa nyama, anahitaji kitu kinaitwa taurini ambacho mwili wake hautengenezi cha kumtosha, mwaka 1987 watafiti wa chuo cha Davis, California walionyesha kwamba kuikosa kunalegeza misuli ya moyo.

Turudi nyumbani kwetu maana hapa ndo utafiti wa wazungu unapokutana na geti la Mbezi. Vitabu vinasema "mwenye mbwa" apime chakula. Mwenye mbwa yupi? Asubuhi baba anampa vipunje vikavu kabla ya kwenda kazini. Dada wa kazi saa nne anaona bakuli tupu anamuonea huruma anampa mabaki ya wali. Watoto wakitoka shule wanarusha biskuti. Usiku mlinzi, babu wa watu yuko peke yake getini na mbwa ndo mwenzake, anamega ugali anampa na dagaa juu. Kila mmoja amempa kidogo, na kila mmoja akiulizwa anasema kweli kabisa mbwa hali sana. Sisi tunamuuliza aliyekuja naye kliniki, na aliyekuja naye ndo anayejua kidogo kuliko wote.

Hesabu yenyewe haina huruma. Mbwa wa kilo 10 akiwa amelala tu anatumia kama kalori 400 kwa siku, na ndo kama hizo hizo anazopewa akitakiwa kupungua. Chapati moja ya mafuta haipungui 200. Ukimpa chapati umempa nusu siku, na ile "kipande tu" ya kila mtu inatakiwa jumla yake isizidi asilimia 10 ya siku nzima. Kikombe nacho hakiaminiki, watu wa Liverpool waliwapa watu vikombe vya kupimia vipunje wakakuta wengine wanapunguza hadi asilimia 18 na wengine wanazidisha hadi 80, kikombe kile kile. Nunua kamzani kadogo ka jikoni, kale ka kupimia unga wa keki.

Juzi hapa mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alikuja na Labrador wake viungo vimeshaanza, dokta akampa dawa akamwambia na kilo zishuke. Nikamsindikiza mpaka kwenye gari nikamwambia mama, hii habari usimwambie baba watoto, mwambie babu wa getini. Akacheka. Tukakubaliana hivi: asubuhi chakula cha siku nzima kinapimwa kwenye mzani, kinaingia kwenye ndoo moja yenye mfuniko, inakaa jikoni. Yeyote anayetaka kumpa mbwa, hata babu, achote humo. Mabaki ya mezani marufuku. Kwa wale wasioweza kumuacha babu ale peke yake mbwa anamuangalia, babu anawekewa kikopo chake kidogo kutoka kwenye ndoo hiyo hiyo, ampe usiku taratibu kimoja kimoja. Saa kumi jioni ndoo ikiwa tupu, ni tupu mpaka kesho.

Mama akauliza, na yeye akilia? Nikamwambia atalia, ni Labrador. Mtembezeni. Na mrudi wiki mbili tumpime, kupima ni bure, hata dokta asipokuwepo mimi nipo.