Bunduki ya kuwindia kwa hela ya kawaida: uliza kiwanda kwanza, jina baadae

Kila Novemba ikikaribia hapa Texas, msimu wa kulungu ukitaka kufunguliwa, wadau wetu Waswahili wa Houston na Dallas wanaanza kuulizana lile swali, jamani ninunue bunduki ya kampuni gani, na majibu yanayotolewa ni ya majina tu, huyu anasema Remington ndo baba lao, yule anasema Winchester, mwingine ameona video moja basi amekua wakili wa Tikka. Mi naongelea bunduki za bolti, zile unazovuta na kurudisha kitasa kwa mkono kila risasi, za kuwindia kulungu na nguruwe pori, zile AR zenye umbo la kijeshi sizigusi leo maana ni somo jingine kabisa. Na ninachotaka kusema ni hiki: jina lililogongwa kwenye mtutu halikuambii ubora kama unavyofikiri. Unachotakiwa kujua ni kiwanda gani kimeitengeneza, mwaka gani, na nani alikua anakimiliki kiwanda wakati huo.

Chukua Marlin. Hizi sio za bolti, ni zile za kuvuta mkono chini ya triga, ila mfano wake unafaa, ni za miaka mingi sana, na watu walizipenda mno. Mwishoni mwa 2007 Remington ikaamua kuinunua Marlin, na baada ya hapo kiwanda chake cha North Haven, Connecticut kikafungwa, kazi ikahamishiwa kwa Remington. Mafundi wenye mikono yao hawakuhama na mashine. Zilizotoka miaka ile ya mwanzo zilikua na mbao zisizokaa vizuri kwenye chuma, vituo vya kulengea vimepinda, mambo ya aibu, na wawindaji walilalamika wazi. Afu 2020 Remington ikafilisika, Ruger wakainunua Marlin, wakaanza upya kule Mayodan, North Carolina, na mwisho wa 2021 zikaanza kutoka Marlin mpya ambazo kwa kweli zimetengenezwa kwa heshima. Sasa ona, jina ni moja, umbo ni lile lile, lakini kuna tatu tofauti ndani yake. Ukikuta ya mtumba angalia kwenye mtutu karibu na mwili wa bunduki, kukiwa na muhuri mdogo wa JM hiyo ni ya enzi za zamani, na namba ikianza na RM ni ya Ruger. Mtu asiyejua hilo analipa bei ya JM kwa mzigo wa katikati.

Remington wenyewe ni hadithi ya kusikitisha. Kampuni ya tangu 1816, ile Model 700 yao ilitoka 1962 na mpaka leo kampuni nyingine zinatengeneza bunduki zao kwa vipimo vya 700 ili vitako vya mbao au plastiki na triga ziingiliane. Lakini wamefilisika 2018, wakafilisika tena 2020, kampuni ikakatwa vipande vipande ikauzwa, na kile kiwanda cha Ilion, New York kikafungwa 2024. Na kuna jambo la usalama hapa nataka mnisikilize vizuri: Aprili 2014 Remington waliita zirudishwe Model 700 na Model Seven zenye triga inayoitwa X-Mark Pro zilizotengenezwa kuanzia Mei 2006 mpaka Aprili 2014, kwasababu zingeweza kufyatuka zenyewe. Hata triga ya zamani kabla ya hiyo, ile ya Walker, iliishia mahakamani na makubaliano yakawa watu wabadilishiwe. Kwahiyo ukiuziwa 700 ya zamani kwa bei nzuri na jamaa hajui chochote kuhusu triga, namba ya bunduki ikaguliwe kwanza kabla hujatia risasi hata moja. Hili sio la kubishana. Bunduki inayofyatuka bila mtu kugusa triga inaua mtoto wa mtu chumba cha pili.

Winchester nayo, Model 70 ya 1936, wazee wa hapa wanaitamka kwa adabu, hasa zile za kabla ya 1964 maana mwaka huo walipunguza gharama kwenye ufundi na wateja hawajasahau mpaka leo. Kiwanda cha New Haven kilifungwa 2006. Model 70 unayoikuta dukani leo ni ya kundi la FN la Ubelgiji na inaunganishwa Ureno. Ni nzuri? Ndio, tena sana, bolti yake ina ile kucha kubwa inayoikamata risasi tangu inatoka kwenye magazini. Ila usilipe kwa kuamini unanunua Connecticut ya babu zao.

Sasa tuje kwenye hela za watu wa kawaida, yaani dola 400 mpaka 900, maana huko ndo wengi tupo.

Kwenye dola 400 hivi utakutana na Savage Axis, na kwenye 550 mpaka 650 Ruger American ya toleo la pili. Bei za madukani zinacheza, Novemba zinapanda, baada ya msimu zinashuka. Nawaambia ukweli, zote mbili zinapiga vizuri kuliko wengi wetu tunavyoweza kulenga. Mitutu ya siku hizi inatengenezwa kwa mashine zenye usahihi kiasi kwamba bunduki ya bei ya chini inaweka risasi tatu ndani ya inchi moja na nusu kwa yadi 100 bila shida, na kulungu eneo lake la moyo na mapafu ni kama inchi nane. Savage ndo waliowatikisa wenzao kuhusu triga, mwanzoni mwa miaka ya 2000 walipoleta AccuTrigger, ile yenye ulimi mdogo katikati, kampuni kubwa zikalazimika kurekebisha triga zao nzito zilizokua kama unavuta mlango uliokwama. Kwenye Axis hakikisha ni ile yenye AccuTrigger, za mwanzo hazikua nayo.

Wanapookoa hela hao ni kwenye kitako, ile plastiki inayobeba chuma chote. Fanya hivi ukiwa dukani: omba muuzaji aifungue na kuithibitisha haina risasi, chukua noti ya dola, ipitishe kati ya mtutu na plastiki kutoka mbele kurudi nyuma. Itapita. Sasa ibane ile sehemu ya mbele ya kitako kwa vidole kama vile unaiegemeza kwenye mfuko wa mchanga, vuta noti tena. Kwenye nyingi za bei ya chini itakwama, maana plastiki inajikunja mpaka inagusa mtutu, na ukiwa porini umeegemeza kwenye tawi risasi inaenda pengine. Ruger toleo la pili wameboresha hapo. Afu vuta bolti. Ya bei ya chini inakwaruza, inasita kidogo katikati, unasikia chuma kinalalamika. Halafu uombe Tikka T3x uvute ya kwake, ukiinamisha bunduki mdomo juu bolti inateleza yenyewe mpaka nyuma. Hapo ndo utaelewa ile tofauti ya bei imeenda wapi, hakuna haja ya mtu kukueleza.

Tikka inatengenezwa Riihimäki, Finland, kiwanda kimoja na Sako, na Sako bunduki yake inaweza kufika mara mbili ya bei hiyo. Mitutu inafuliwa kwenye mashine zile zile. Wanakuahidi risasi tatu ndani ya inchi moja kwa yadi 100 kabla haijatoka kiwandani. Kwa maoni yangu kwenye dola 750 mpaka 900 hakuna inayoifikia kwa kile unachopata, na thamani yake ukija kuuza haiporomoki. Lawama zipo: magazini ni ya plastiki na ukiipoteza nyingine utailipia hela ya kukera, na ile T3x Lite ni nyepesi, kilo 3 hivi bila skopu (darubini ya kulengea), kwahiyo usije ukaichukua kwenye risasi ya teke kubwa kama .300 Win Mag ukafikiri bega lako litakushukuru. Chukua .308 au 6.5 Creedmoor, kulungu wa Texas sio mbogo wa Selous.

Kuna moja watu wetu wanaipita dukani bila kuiangalia, na inaniuma. Howa 1500, ya Japani. Hii ndo hiyo hiyo Weatherby wanaiita Vanguard, Howa wanatengeneza wao wanaiwekea jina na kitako chao. Na Howa ilianza 1907 kama kiwanda cha mashine za kufumia nguo cha Toyoda, ndio, ukoo ule ule uliokuja kuzaa Toyota. Sisi ambao tumekulia kwenye Land Cruiser na Hiace mbona hilo tunalielewa bila kufundishwa, gari unauliza injini ni ya nani kabla hujauliza rangi. Ni nzito kidogo, haina mbwembwe, lakini chuma chake ni kizima, triga ni safi, na mara nyingi utaikuta dola 100 au 150 chini ya Tikka. Uzito huo huo unakusaidia bega. Kwa mtu ambaye atakua anakaa kwenye kibanda cha kuwindia asubuhi nzima na sio kupanda milima, hii ndo ningemwambia achukue, na kama duka moja lina Howa na Vanguard pembeni, linganisha bei na kitako, chuma usikilipie mara mbili.

Bergara ya Hispania nayo imekuja vizuri, walianza kama watengeneza mitutu na inaonekana, B-14 yao unailipia kuanzia 850 hivi kupanda. Kwa anayependa kupiga shabaha mbali kuliko kuwinda ni nzuri mno, tena inafuata vipimo vya Remington 700 kwahiyo triga na vitako vya kubadilisha vimejaa sokoni.

Wapo watakaouliza CZ ya Cheki, hasa waliokulia Arusha au waliowahi kufanya kazi kwenye kambi za uwindaji, maana Tanzania bunduki za Brno na CZ 550 za risasi kubwa za .375 na .458 ziko mikononi mwa wawindaji wa kitaalamu tangu zamani na zina heshima yake. CZ 550 haitengenezwi tena. CZ 600 iliyotoka 2021 ni bunduki tofauti, haina ile bolti ya kimauser yenye kucha kubwa waliyoizoea wazee, kwahiyo usiinunue kwa kumbukumbu ya nyumbani, ishike kama bunduki mpya uipime hivyo.

Kuhusu hela, jamani, bajeti isiishie kwenye bunduki. Duka moja hapa nimewahi kumsikia muuzaji anamshawishi kijana wetu achukue bunduki ya dola 500 iliyofungwa tayari na skopu, kisa anaokoa. Zile skopu za kwenye boksi ndo kitu cha kwanza kushindwa, kioo kinakua na ukungu jioni, na jioni ndo kulungu anatoka. Bora Axis au Howa ya bei ndogo na skopu ya Leupold VX-Freedom au Vortex Crossfire ya dola 200 mpaka 300 hivi, kampuni zote mbili zina dhamana ya maisha, kuliko Tikka yenye kioo cha kuazima. Weka hela ya vishikizo vya skopu vya chuma kizuri. Weka hela ya risasi za aina mbili tatu tofauti, maana bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zinaweza kupenda risasi tofauti, utajua tu ukienda renji.

Sheria niiseme haraka. Dukani utajaza fomu ya serikali namba 4473 na FBI watakukagua, wenye green card wanaruhusiwa, mwenye viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi mpaka awe kwenye moja ya misamaha, mfano leseni halali ya kuwinda ya jimbo. Usimnunulie mtu ambaye mwenyewe hawezi kununua, hata awe binamu yako, hiyo ni jela na kwa sisi wageni ni kurudishwa nyumbani. Hapa Texas ukiwa umezaliwa Septemba 2, 1971 au baadae unatakiwa upite mafunzo ya uwindaji ndo uwinde kulungu. Nguruwe pori kwenye shamba la mtu, kwa ruhusa yake, tangu 2019 hawahitaji leseni, ndo maana wengi wanaanzia huko na ni mazoezi mazuri.

Na kama hela ni ndogo usiogope mtumba, bunduki ya bolti iliyotunzwa inaishi miaka 50 na zaidi. Angalia mdomo wa mtutu kama una mikwaruzo maana hapo ndo risasi inaagana na bunduki, toa bolti uchungulie ndani kwa tochi kama kuna kutu, kagua namba kama iliitwa kurudishwa, funga bila risasi uweke sefti (kizuizi cha kufyatuka) uvute triga, uiachie, halafu utoe sefti taratibu, isifyatuke. Ikifyatuka hapo, au mwenye mali hataki uikague, hela irudishe mfukoni uende kwa mwingine, Texas bunduki haziishi.