Miguu isiyotulia usiku

Ikifika saa tatu usiku nikijilaza tu, miguu inaanza. Si maumivu, wala si ganzi. Ni kama kuna kitu kinatambaa ndani ya vigimbi, na lazima niichezeshe. Nikiinuka nikatembea kwenye sakafu ya simenti, kinatulia. Nikirudi kitandani, nacho kinarudi.

Mama mkwe alipokuja kutoka Kongwa akasema, "Mwanangu, hiyo baridi imekuingia." Ilikuwa Julai, na upepo wa Dodoma mwezi huo unaujua mwenyewe. Nikavaa soksi, nikachua mafuta. Nikaanza kumeza piritoni nipate usingizi, kama wengi tunavyofanya, na hapo ndipo nilipokesha kabisa. Kumbe dawa za mzio za aina hiyo zinaweza kuizidisha hali hii.

Daktari aliniuliza mambo manne. Unasikia lazima uichezeshe? Inaanza ukiwa umetulia? Ukitembea inapoa? Inazidi jioni na usiku? Yote ndiyo. Akasema hii ndiyo hali ya miguu isiyotulia. Natamani ningejieleza hivyo tangu mwanzo, maana miezi mingi nilikuwa nasema tu "miguu inauma", nikapewa dawa za maumivu.

Zahanati walikuwa wamenipima wingi wa damu, 12.4, wakasema damu ipo. Daktari huyu akataka kipimo cha feritini, yaani akiba ya madini chuma mwilini. Ikaja 11, chini sana, na akiba hiyo ikipungua miguu inaweza kuanza hivi. Damu inaweza kutosha huku ghala la chuma likiwa karibu tupu, na hedhi yangu ni nzito, inalipunguza kila mwezi.

Akaniandikia vidonge vya chuma. Choo kikawa cheusi, ila alikuwa ameshanionya. Nilivimeza kwa juisi ya ubuyu, na chai nikaisogeza mbali na chakula kwa sababu inazuia chuma kuingia mwilini. Kahawa ya jioni niliiacha, ingawa iliniuma. Msivianze bila kupima, jamani. Chuma kikizidi nacho kinadhuru. Na mwenye ujauzito au ugonjwa wa figo amwambie daktari mapema, maana hali hii huwapata sana.

Wiki ya sita ndipo nilipolala usiku mzima. Baada ya miezi mitatu nilirudia kipimo, akiba ilikuwa imepanda. Bado kuna siku miguu inanianza, hasa nikikaa muda mrefu. Safari za Dar sasa naenda kwa treni ya SGR, basi nimeliacha, kwa kuwa kwenye treni naweza kuinuka nikatembea.