Niliomba oda

Tangu Jumatatu neno moja tu linanizunguka kichwani. Na wiki yenyewe ilikuwa nzito, mkuu wetu wa manunuzi kaacha kazi ghafla, na mdogo wangu wa mwisho kajifungua mapacha, lakini nikizima taa nasikia ile sauti tu.

Mnamkumbuka yule binti wa makoti, anashona na mama yake chumba kimoja cherehani mbili, hajapita chuo chochote cha mitindo na hana mtu wa kumshika mkono kwenye hii biashara. Miezi yote ile nilikuwa nampigania duka letu limpokee. Basi Jumatatu kaja na koti la sampuli, nikampa karatasi za masharti, nikamwambia kwa moyo mweupe kabisa, "Mdogo wangu usiwe na wasiwasi, tupo hapa kukusaidia."

Akasoma. Akarudia kusoma. Alafu akasema taratibu, "Nashukuru dada. Lakini mimi sikuomba msaada, niliomba oda."

Nikamuuliza si ndo hiyo hiyo? Hakujibu, akaaga vizuri akaondoka, karatasi haijasainiwa.

Iliniuma jamani. Nilimuona hana shukrani, siwafichi. Jumanne nzima namjibu kichwani, nafua namjibu, niko kwenye kikao namjibu, baba watoto kaniambia achana naye lakini wapi.

Jana usiku ndo nikalichukua lile koti nikaligeuza ndani nje. Upindo wote kashona kwa mkono, mishono midogo kama punje za ufuta, na kwapani kaingiza kipande cha pembe nne ili ukiinua mkono koti lisipande. Bitana haijavuta popote. Hii ni kazi ya mtu anayejua anachofanya, nani kamwambia anahitaji kuhurumiwa? Nikazisoma tena zile karatasi. Mali kauli. Alete makoti 40, tukiuza tumlipe baada ya siku 60, yasiyouzika aje ayachukue. Yaani kitambaa, vifungo, umeme, usiku wa mama yake, vyote mfukoni mwake, kumbe yeye ndo anatukopesha sisi. Kampuni kubwa inaenda benki ikasubiri hizo siku 60, yeye anasubiri na nini? Na picha yake tulishaipangia ukurasa mzima wa katalogi.

Nikamkumbuka Ann Lowe, yule mbunifu Mmarekani mweusi aliyeshona gauni la harusi la Jacqueline Bouvier alipoolewa na Kennedy, 1953. Siku kama 10 kabla ya harusi maji yakaingia karakana yake, gauni la bi harusi likaharibika pamoja na mengi ya wapambe, akashona upya, hasara akaibeba mwenyewe, na jina lake halikutangazwa. Gauni dunia nzima ililisifia! Sifa peke yake hailipi kitambaa. Ndo maana nampenda Aurora James, yule mbunifu wa viatu na mikoba, 2020 alipoyaambia maduka makubwa yatenge 15% ya rafu kwa biashara za watu weusi, aliomba rafu, kitu unachoweza kukihesabu.

Leo asubuhi nimeenda kwa anayekaimu nafasi ya mkuu wa manunuzi nikiwa na koti mkononi, limegeuzwa vilevile ndani nje. Tumebishana karibu saa nzima. Nimepata makoti 12, sio 40, lakini tunanunua moja kwa moja, nusu ya hela kabla hajakata kitambaa, na lebo ina jina lake sio letu. Nikamtumia meseji, nikaandika nikafuta, mwishowe nikaandika tu: ni oda, makoti 12, advansi nusu.

Kajibu hapo hapo: "Saizi zipi dada?"

Nimeisoma mara ngapi sijui, nimefurahi mpaka machozi.

Ila yule pacha mdogo naambiwa tangu mchana hanyonyi vizuri, wamempeleka kupimwa, na simu ya mdogo wangu inaita tu haipokelewi.