Nilivyoacha kubahatisha maswali ya dhana iliyojificha

Kwa wiki sita nilikuwa napata nusu, siku nyingine chini ya nusu. Sisemi maswali yote ya mantiki, nasema yale yanayouliza, "Hoja hii inategemea dhana gani?" Yaani, ni jambo gani halijasemwa lakini hoja inalihitaji ili isimame? Nilikuwa najiandaa kwa LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria Marekani na Kanada. Tangu Agosti 2024 sehemu ya michezo ya mantiki imeondolewa, na sehemu mbili za hoja ndizo zimebeba mzigo mkubwa wa alama, dakika 35 kila moja. Ukiwa dhaifu kwenye dhana, ni vigumu sehemu nyingine kukuokoa.

Ushauri nilipewa mwingi. "Soma hoja mara tatu, jibu litajitokeza lenyewe." Halikujitokeza. "Likwepe jibu lolote lenye neno wote au kamwe." Huu ndio ulioniumiza zaidi, maana una ukweli nusu, na ukweli nusu hushikika kirahisi kuliko uongo mtupu.

Swali lililonifungua macho lilikuwa la namna hii. Kampuni ya usafirishaji imeona kwamba ajali zake nyingi hutokea usiku. Kwa hiyo ikiwapa madereva mafunzo ya kuendesha usiku, ajali zitapungua. Nikachagua: "Mafunzo ni njia bora kuliko zote za kupunguza ajali." Sikusita hata kidogo. Kumbe jibu lilikuwa sentensi iliyopooza ambayo niliipita mbio: "Angalau baadhi ya ajali za usiku zinatokana na makosa ambayo mafunzo yanaweza kuyarekebisha."

Nilikasirika kweli. Jioni nzima nilikaa na swali hilo nikitafuta namna ya kulitetea jibu langu, na katika kulitetea ndipo nilipoliua kwa mkono wangu. Nilijiambia: haya, tuseme mafunzo si njia bora kuliko zote. Tuseme taa zenye mwanga mkali zingesaidia zaidi. Je, mafunzo yatashindwa kupunguza ajali? Hapana, bado yanaweza kuzipunguza. Hoja imesimama vilevile. Kisha nikaligeuza lile lililopooza: hakuna hata ajali moja ya usiku inayotokana na makosa yanayorekebishika kwa mafunzo. Sasa ushahidi wa ajali za usiku unasaidia nini? Hausaidii chochote. Hoja imekufa pale pale.

Tangu jioni ile nikawa nakanusha kila jibu. Ukilikanusha na hoja bado inapumua, liache. Ikikata roho, hilo ndilo.

Lakini kukanusha kwenyewe kuna mtego, na sisi tunaofikiri kwa Kiswahili unatunasa haraka. Chukua "Wanafunzi wote walifaulu." Wengi tutaigeuza kuwa "Wanafunzi wote hawakufaulu," na sentensi hiyo masikioni mwetu inamaanisha hakuna aliyefaulu. Umevuka mpaka. Kanusho lake ni "Si wanafunzi wote waliofaulu," yaani yupo japo mmoja ambaye hakufaulu. Vivyo hivyo "baadhi" kanusho lake ni "hakuna hata mmoja," wala si "baadhi hawaku…" Nilijaza daftari zima kwa zoezi hili tu, wote na si wote, baadhi na hakuna, na silijutii hata ukurasa mmoja.

Jambo la pili nililogundua ni kufunika majibu. Nilikata kipande cha kadi ngumu, nikakiweka juu ya majibu, nikasoma hoja peke yake na kupigia mstari kila neno lililo kwenye hitimisho lakini halimo kwenye ushahidi. Mfano: "Tangu maktaba iongeze saa za kufunguliwa, vitabu vinavyoazimwa vimeongezeka. Kwa hiyo saa za ziada zimeleta wasomaji wapya." Wasomaji wapya wametoka wapi? Ushahidi unahesabu vitabu, hitimisho linahesabu watu. Huenda ni wasomaji wale wale, sasa kila mmoja anachukua vitabu vinne badala ya viwili. Hilo ni pengo la kwanza. La pili ni sababu: huenda wiki ile ile maktaba iliondoa faini za kuchelewesha vitabu. Mapengo mawili kwenye mistari miwili, na nilikuwa sijafunua jibu hata moja. Majibu yameandikwa ili yavutie. Ukiyasoma kabla hujajua unachotafuta, yatakuchagulia.

Sasa nirudi kwenye ule ushauri wa kukwepa maneno makali. Unafaa pale swali linapotaka dhana ambayo hoja haiwezi kuishi bila hiyo. Lakini kuna swali ndugu yake: "Ni ipi, ikiwa kweli, italifanya hitimisho lifuate bila shaka?" Hapa mambo hugeuka. Amina alifika kabla ya saa mbili, kwa hiyo alipewa namba. Ukiniambia baadhi ya waliofika kabla ya saa mbili walipewa namba, Amina anaweza kuwa nje ya hao baadhi. Nahitaji "kila aliyefika kabla ya saa mbili alipewa namba." Neno kali ndilo linalofunga mlango. Nilikuwa nalitupa jibu sahihi kila mara kwa kumtii mtu ambaye hakunieleza kwamba maswali ni ya aina mbili. Soma mstari wa swali kwanza, kabla ya hoja yenyewe. Nani angefikiri ni lazima kuambiwa hivyo? Mimi ilibidi.

Mwendo ulishuka mwanzoni. Kukanusha majibu matano kunakula dakika, kwa hiyo sasa natupa matatu kwa macho na kukanusha mawili yaliyobaki.

Kwenye jaribio langu la mwisho nilikosa maswali mawili tu ya aina hii. Nilirudi kuyatazama: yote mawili niliyajibu dakika za mwisho, kadi ikiwa imeshawekwa pembeni.