Nyonga ya Kiti

Mwaka 2009 nilikuwa fundi Keko, Dar es Salaam, kwenye karakana ya mzee mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee tu. Tulikuwa watu wa makochi, vitanda na makabati. Viti vya ofisi hatukuvigusa. Hivyo vilikuja na makontena, na aliyevitaka alivifuata madukani mjini. Mimi niliingia huko kwa sababu ya mgongo wa Dada.

Dada alikuwa na stationari Kariakoo: kompyuta moja, printa, mashine ya fotokopi, na watu wamepanga foleni na barua za kuomba kazi na mikataba ya kupangisha nyumba. Alichapa tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Baada ya kujifungua mtoto wa pili mgongo ukaanza kumsumbua, na ikafika mahali akirudi nyumbani hasalimiani na mtu vizuri. Anatandika mkeka, analala chali sakafuni, miguu anaipandisha kitandani. Watoto walizoea kumruka.

Kwanza alinunua kiti cha dukani, kile cha kuzunguka, chenye magurudumu. Nilikikagua siku moja alipotoka kwenda kuswali. Kikalio na egemeo vilikuwa vimefungwa pamoja kama kitu kimoja, na ukiegemea kiti kizima kinabinuka kutokea katikati: nyuma inashuka, mbele inapanda. Dada ni mfupi. Kutoka kisigino hadi nyuma ya goti nilimpima sentimita 38, na kiti kile hata ukikishusha mwisho wake kilibaki 44. Kwa hiyo alikuwa amekwisha kuning'inia kabla hajaegemea, na akiegemea ule ukingo wa mbele unamkata chini ya mapaja mpaka miguu inakufa ganzi. Akaacha kuegemea. Alikaa ameinama mbele siku nzima, egemeo likabaki la kuanikia mtandio.

Nikasema nitamtengenezea chake. Nilitumia mninga, sponji nzuri, kikalio kisichocheza, na egemeo lenye bawaba na springi kwa nyuma, pale egemeo linapokutana na kikalio. Urefu nilifuata mguu wake, nikaongeza sentimita mbili za viatu, na meza yake nikaikata miguu sentimita saba ili mabega yasipande anapochapa. Nilikipeleka kwa fahari. Siku ya kwanza alinipigia simu kunishukuru.

Wiki iliyofuata nilipita dukani, nikakaa pembeni kumsubiri. Hapo ndipo nilipoona. Kila alipoegemea kusubiri printa na kurudi mbele, mkono wake ulikwenda nyuma kuvuta blauzi chini. Anaegemea, anarudi, anavuta. Mbele yake wanaume wanne wanasubiri barua zao.

"Mdogo wangu," aliniambia wateja walipopungua, "kiti chako kinanivua nguo."

Hakuwa anatania. Na kulikuwa na la pili: kila akiegemea, makalio yaliteleza mbele kidogo na hayakurudi. Ikifika saa sita anajikuta amekalia mfupa wa mkia, na mgongo umepinda kuliko ulivyopinda kwenye kiti cha dukani. Nilirudi Keko na daladala nikiwa nimenyong'onyea kabisa.

Nilimweleza Mzee. Akaniuliza bawaba nimeweka wapi. Nikamwonyesha kwa kidole: nyuma, chini, pale kikalio kinapoishia. Akauliza tena, "Na yeye bawaba yake iko wapi?" Sikuelewa. "Mtu ana bawaba yake, kijana. Mwite aje Jumapili."

Jumapili Dada akaja, akaamkia, akaketishwa ubavu kwenye benchi, na Mzee akasimamisha shiti nzima ya plaiwudi pembeni yake kama ukuta. Tulitaka kuchora umbo lake kwenye ule ubao, lakini chaki hatukuishika mimi wala Mzee. Kumpapasa mwanamke kiuno si kazi ya kaka wala ya mzee wa heshima. Mama lishe aliyetupikia pale nje ndiye aliyefuta mikono kwenye kanga akaja kushika chaki. Mzee akageukia ukuta na kuelekeza kwa mdomo. "Mwambie akae wima. Haya, chora mgongo na paja. Sasa aegemee kidogo. Chora tena. Aegemee zaidi."

Dada aliposimama, ubao ulikuwa na migongo mitatu na paja moja, kama feni iliyofunguliwa nusu. Mzee akatia alama ya bega kwenye kila mgongo, kisha akatafuta kwa rula na penseli nukta iliyo umbali mmoja kutoka alama zote tatu. Ilikuwa kwenye nyonga, karibu sentimita tisa juu ya benchi, na kama sentimita kumi na mbili mbele ya mgongo wenyewe. Kisha akatia nukta nyingine, nyekundu, pale nilipoweka bawaba yangu. Zile nukta mbili hazikukaribiana hata kidogo. Dada alizunguka kwenye duara lake na egemeo langu likazunguka kwenye duara jingine, na tofauti ya yale maduara mawili ndiyo iliyokuwa ikivuta blauzi.

Nimeona mashine nyingi tangu siku ile, lakini ubao ule ndio ulionifanya fundi.

Kuweka bawaba kwenye nyonga ilikuwa rahisi kusema. Nyonga iko ndani ya mtu. Huwezi kupitisha chuma hapo. Tulichomelea masikio mawili ya flati ba, yaani chuma bapa, pembeni mwa kikalio, kulia na kushoto, yakapanda mpaka usawa wa nyonga, na mikono ya egemeo ikashikwa hapo kwa boliti na bushi. Hilo lilimaliza habari ya blauzi. Lakini kikalio kikibaki kimelala palepale wakati egemeo linakwenda nyuma, mtu bado anateleza mbele. Ilibidi kikalio nacho kishuke nyuma, ila kidogo kuliko egemeo, na mbele kisipande hata kidogo. Yaani viwili viende pamoja bila kwenda sawa.

Hapo tulisaidiwa na kiti kibovu ambacho jirani alikuwa amekinunua kwenye mnada wa vifaa vya ubalozi. Gesi yake ya kukipandisha na kukishusha ilikuwa imekufa. Nilikigeuza miguu juu, nikafungua kifuniko cha chini, na humo ndani, kwenye grisi iliyokauka, niliona kwamba chuma cha egemeo kinapita chini ya kikalio kwenda mbele, kinashikwa na mhimili kwenye fremu, na nyuma ya kikalio imebebwa na chuma hichohicho. Egemeo likienda, linashuka na kikalio. Mbele, kikalio hakikufungwa; kilikuwa kinateleza kwenye tundu refu.

Miaka mingi baadaye, nilipopata intaneti ya uhakika, nilisoma kwamba mwaka 1980 kampuni ya Wilkhahn ya Ujerumani ilitoa kiti kinachoitwa FS, kazi ya Klaus Franck na Werner Sauer, ambacho kikalio na egemeo vyake vinamfuata mwenye kukaa. Nikasoma pia habari za daktari wa Sweden, Alf Nachemson, ambaye miaka ya 1960 alipima kwa sindano mgandamizo ulio ndani ya diski za uti wa mgongo wa watu walio hai, akakuta kukaa bila kuegemea kunazibana diski kuliko kusimama, na kulala ndiko kunakozipumzisha. Niliposoma hayo niliuona ule mkeka wa Dada. Mwili wake ulikuwa umelijua jambo hilo bila sindano.

Tulikata mifano ya maboksi kwanza, vipande vinne vilivyoshikwa kwa pini ubaoni, ndipo tukaingia kwenye chuma. Mkono wa egemeo ukawa na umbo la L: unashuka kutoka mgongoni, unapita kwenye sikio la nyonga, unapinda kwenda mbele chini ya kikalio mpaka kwenye mhimili. Swali lilikuwa mhimili ukae mbele ya nyonga kwa umbali gani. Nilianza na sentimita 14. Dada akaegemea, akapiga yowe na kushika benchi. Kwa kipimapembe cha shule cha mwanangu nilipata egemeo nyuzi 20 na kikalio 13, alihisi anamezwa. Nikasogeza mpaka sentimita 7. Egemeo 20, kikalio kati ya 7 na 8. Akaegemea tena, safari hii kimya, na visigino havikuondoka sakafuni.

Springi ilitutesa zaidi ya jiometri. Nilichukua ya shokapu ya pikipiki, nikaiweka sentimita 12 kutoka kwenye mhimili, na Dada alipoegemea kiti hakikusogea hata kidogo. Springi ile ilizoea kubeba abiria na gunia la mkaa. Nilitaka kutafuta nyingine kwenye mtaa wa Gerezani. Mzee akanizuia: "Usibadilishe springi. Iondolee mkono." Tukaisogeza karibu na mhimili, sentimita 6, na chuma kilekile kikawa laini kwa mtu wa kilo 55. Chini yake tukaweka boliti ya kukazia, ya spana namba 17, ili ibanwe au ilegezwe.

Kabla sijakipeleka tulifanya jaribio la mwisho, wazo la mama lishe. Alimshonea Dada uzi mweupe kwenye blauzi, mgongoni, na kuchora alama ya chaki kwenye kitambaa cha egemeo, usawa na uzi. Dada akaegemea na kurudi mara ishirini. Kwenye kiti changu cha kwanza uzi ulikuwa umebaki chini ya alama karibu sentimita nne kwa kuegemea mara moja. Kwenye hiki, baada ya mara ishirini, uzi na chaki vilikuwa bado vinatazamana. Mama lishe aliinama akaangalia kwa karibu sana, akamwambia Dada, "Simama tuone tena," kisha akakata uzi kwa meno.

Kiti hakina magurudumu na wala hakizunguki. Kililia kwa wiki mbili mpaka nilipobadilisha bushi. Mkeka Dada hakuuacha mara moja. Kwanza ikawa siku mojamoja, halafu ukawa wa watoto.

Tatizo lililobaki ni shemeji. Ni mtu wa kilo karibu mia, na jioni akija kufunga duka na mkewe hupenda kukaa pale, na kiti kinalala naye mpaka mwisho. Kwa hiyo kwenye droo ya Dada, pamoja na stepla na muhuri, kuna spana namba 17. Akifika shemeji, Dada anakaza boliti mizunguko sita. Asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta, anailegeza sita.