Kichwa cha udongo: hatimaye kona ya mdomo imekubali

Imekubali! Nimelibomoa shavu la kushoto mara sita, na leo kichwa ninachokifinyanga, msuli mmoja mmoja wa uso, kimetabasamu bila kufanana na samaki aliyenasa kwenye ndoana.

Paji la uso, nyusi na misuli ya duara ya macho nilishamaliza zamani, sina la kusema hapo. Kilichonitesa ni sentimita mbili tu za kona ya mdomo. Nilikuwa nautengeneza msuli wa zigomatiko kuu, ule unaoinua kona ya mdomo mtu akitabasamu, kama mkanda: ncha moja kwenye mfupa wa shavu, ncha ya pili nimeigandisha kwenye mdomo wenyewe, pale midomo inapokutana. Ndivyo nilivyoielewa michoro. Kila nikiukaza mkanda, mdomo unachongoka na shavu limelala tu kama halihusiki. Nikaongeza udongo, nikapunguza, nikaulaani udongo.

Kumbe jibu ninalo usoni. Tia kidole cha shahada ndani ya shavu, dole gumba libaki nje, halafu bana nyama kama sentimita moja pembeni mwa kona ya mdomo. Kuna kifundo kigumu hapo. Hicho ndicho modiolo. Zigomatiko kuu inakifikia kutoka juu, msuli wa kununa kutoka chini, buksinata (msuli wa ndani ya shavu) kutoka nyuma, na nyuzi za duara la mdomo nazo zimo. Risorio pia, kimsuli kinachovuta kona ya mdomo pembeni, kwa walio nayo, maana wengine hawana kabisa. Kwa hiyo kinachovutwa ni fundo. Mdomo unafuata, na nyama ya shavu inajikusanya juu yake.

Nikaanza upya kutoka chini, buksinata kwanza. Nyuzi zake za kati hupishana kwenye fundo: za upande wa juu huingia mdomo wa chini, za upande wa chini hupanda mdomo wa juu. Zile za pembezoni kabisa hupita moja kwa moja. Jioni tatu nimesuka vijiuzi vya udongo ambavyo hakuna atakayeviona, maana vimefunikwa. Sijutii hata kimoja.

Kwa kazi hii msiniambie habari za udongo wa maji. Wa mafuta haukauki, unabomoa leo na kesho. Ubaya wake ni joto la vidole: nyuzi zinalainika na kushikana, hivyo naziweka kwenye friji kabla ya kuzipanga. Vile vijiti vya chuma vya seti nimevitupa kabatini; waya mwembamba uliokunjwa unakata vizuri zaidi.

Sasa mdomo ukicheka, macho yananiaibisha. Daktari Mfaransa Duchenne aliichokoza misuli ya uso kwa umeme na kuyaandika haya mwaka 1862: furaha ya kweli inahitaji na msuli wa duara ya jicho. Macho yangu yametulia kama ya picha ya pasipoti. Yale niliyosema nimemaliza, basi, hayajaisha.

Wiki hii nilipanga kuyafumua, kisha nishuke shingoni kwa platisma, msuli mpana wa shingo. Lakini shavu la kulia bado liko wazi, na nimekumbuka kwamba kwa baadhi ya watu zigomatiko kuu hugawanyika mara mbili, na tawi la chini linashika ngozi njiani. Akicheka, ngozi inabonyea: kishimo cha shavu! Nimeshaupasua msuli. Macho yasubiri.